WAGENI WA CITY PARK

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpenzi msomaji, methali hii niliielewa barabara asubuhi moja ya Aprili katika bustani ya City Park, Nairobi.

Nakiri nilikuwa fundi wa manati. Ndege kwangu alikuwa shabaha tu. Siku hiyo mjomba aliniamsha alfajiri, akanipa darubini yake kuukuu na kuniambia, "Leo utalenga kwa macho pekee."

Tulifika saa moja kasoro. Masika yalikuwa yameanza na nyasi zilikuwa chepechepe. Kwarara walipiga kelele, lo, ungedhani wanagombania shamba! Mbayuwayu nao walipita chinichini wakidaka wadudu.

"Hao ni wageni," mjomba akasema. "Mwezi ujao hutawaona."

"Mbona waondoke, mjomba, na chakula kipo?"

Akanieleza. Mbayuwayu hao huzaliana Ulaya na Asia. Baridi ikiingia huko wadudu hutoweka, basi wao huanza kuja kwetu mnamo Septemba. Ifikapo Aprili, huko miti imechipua, wadudu wamejaa na jua hukawia kutua. Mzazi hupata saa nyingi za kulisha makinda. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima.

Safari yenyewe ni maelfu ya kilomita, na jangwa la Sahara li njiani. Msafiri ana gramu 20 hivi, kama kalamu tatu au nne za wino! Kabla ya kuondoka yeye hula sana ili mwili uweke mafuta. Hayo ndiyo petroli yake. Akikosa wadudu hapa, huenda asifike.

Hapo roho iliniuma. Niliwakumbuka wale niliowaangusha kwenye waya za stima. Kumbe kila mmoja alikuwa na safari yake, na ni mimi niliyeikatiza.

Wenzangu, ukitaka kuwaona nenda mapema, vaa nguo isiyong'aa, simama kimya, na utangulize masikio kabla ya macho. Pia tuzitetee bustani zetu zisigeuzwe majumba, maana ndizo hoteli za wageni hawa. Malipo yao ni kutupunguzia nzi na mbu.

Jioni hiyo nilitia manati motoni. Mama alipouliza harufu ya mpira inatoka wapi, nilimjibu, "Nawaaga wageni."