Degedege usiku wa manane: mmoja aongoze, wengine wasikie

Homa ya mtoto haichagui saa. Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga pale Zegereni, Kibaha, kwenye eneo la viwanda. Ni saa nane usiku na baba yuko kazini, zamu ya usiku. Mtoto wa miaka miwili aliyelala na homa anakakamaa ghafla, macho yanageuka juu, mikono na miguu inarukaruka. Mama anapiga ukelele. Dakika haijaisha, ukumbi umejaa wapangaji. Mmoja ameshika kijiko anataka kukiingiza mdomoni mwa mtoto, mwingine ana ndoo ya maji, mwingine anamenya kitunguu. Bibi wa chumba cha mwisho anasema huyu asipelekwe hospitali, atachomwa sindano afe. Wote wanasema kwa pamoja, na kwa sauti ya juu.

Kati ya watu wote hao, hakuna aliyepiga simu ya bajaji. Ukimuuliza kila mmoja kesho yake, atakwambia alidhani mwenzake ameshapiga.

Usidhani hilo ni la wapangaji wa Kibaha peke yao. Mwaka 1968, watafiti wawili wa New York, John Darley na Bibb Latané, walichapisha matokeo ya jaribio lao maarufu. Waliwaweka wanafunzi wa chuo kikuu kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Katikati ya mazungumzo, sauti ya mmoja wao ikaanza kukwama na kuomba msaada kama mtu anayeshikwa na kifafa. Mwanafunzi aliyeamini kuwa anayesikia ni yeye peke yake alitoka kutafuta msaada mara nyingi: asilimia 85 walifanya hivyo kabla sauti haijakatika. Walioamini kuwa kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wengi, na hakuna aliyeambiwa "wewe".

Basi mzazi, neno la kwanza la kujifunza kabla ya dawa yoyote ni hilo: wewe.

Ni vizuri pia ujue mwili wako unafanya nini wakati huo. Ukipata mshtuko, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka. Hii inasaidia kama unakimbia nyoka. Kwa kufikiri na kusikiliza haisaidii sana, kwa sababu akili inang'ang'ania kitu kimoja na masikio yanaokota maneno nusunusu. Ndiyo maana mtu anaambiwa "lete kadi ya kliniki iliyo kwenye mkoba mweusi nyuma ya mlango, halafu pitia kwa mama mwenye nyumba uazime tochi," anarudi na mkoba mtupu. Hakupuuza, alisikia neno "mkoba" tu.

Kabla hujasema lolote, toa pumzi yote nje, taratibu, kama unayepuliza chai ya moto. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya moyo, na sauti nayo inashuka. Ni sekunde kumi tu, na mtoto hapotezi kitu katika sekunde hizo.

Nani aongoze? Wengi wetu tumezoea kuwa aongoze mkubwa wa umri, au mwanamume aliyepo, au aliyesoma. Kwa maoni yangu, usiku kama huo aongoze yule ambaye mikono yake haitetemeki. Anaweza kuwa binti wa miaka 17. Mara nyingi hatakuwa mama wa mtoto, na hilo si aibu kwake. Kazi ya mama ni kukaa na mwanawe. Anayejiona ametulia aseme wazi: "Jamani, naombeni nisikilizwe kidogo." Akishasema hivyo, wengine wamwachie.

Maneno yake yawe mafupi na yawe na mwenyewe. Badala ya "jamani mtu aite usafiri," amtazame mmoja na kusema: "Kaka, piga simu ya bajaji, ukiipata njoo uniambie." "Dada, mchukue huyu mkubwa, kaa naye chumbani kwako." "Mama Fulani, tazama saa, utuambie dakika zimefika ngapi." Asiyejua jina la mtu amwite kwa nguo yake: wewe wa fulana nyekundu. Na kila aliyetumwa arudie alichotumwa kabla hajaondoka. Katika vyumba vya dharura, timu zilizofundwa vizuri hufanya hivyohivyo: mmoja anaagiza, mwingine anarudia kwa sauti, kisha anasema akishamaliza. Wanajua kuwa hata mtaalamu, moyo ukimwenda mbio, husikia vibaya.

Kuna mpangaji mmoja katika kila nyumba ambaye hanyamazi. Ukimfokea ataongeza sauti. Mpe kazi inayohitaji sauti: asimame barabarani aielekeze bajaji. Na watu waliosongamana hawaondoki kwa "tokeni!" Sema "naombeni mtoto apate hewa," utaona wanarudi nyuma wenyewe.

Sasa kuhusu mtoto. Degedege linaloletwa na homa huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika tano. Mlaze ubavu, chini au kwenye godoro, mbali na jiko na ncha za vitanda, ili mate na matapishi yatoke. Mlegeze nguo. Usimshike kwa nguvu kuzuia mikono isitikisike. Usimwekee kitu mdomoni, iwe kijiko, kidole, kitunguu, maji au dawa. Hatameza ulimi wake, lakini anaweza kukabwa na ulichomwekea au kuvunjika jino. Usimmwagie maji baridi. Tazama saa, kwa sababu dakika mbili za degedege mama huziona kama nusu saa. Likizidi dakika tano, likirudi tena, au mtoto akipumua kwa shida, kila sekunde ina thamani. Hata likiisha haraka, nendeni kituo cha afya usiku uleule. Pwani kuna malaria, na degedege linaweza kuwa dalili ya malaria kali, au ya homa ya uti wa mgongo, au ya sukari kushuka mwilini. Kwa kumtazama tu huwezi kujua ni lipi.

Hapa ndipo tunarudi kwa bibi wa chumba cha mwisho, na hapa ndipo familia nyingi hukwama.

Ukanda huu wote wa Pwani unalijua degedege tangu enzi. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa wilaya ya Bagamoyo, mkoa huuhuu, kuhusu namna familia zinavyolitibu. Watafiti walikuta watu wanaolifahamu vizuri sana kwa dalili zake, lakini wengi waliliona kuwa ugonjwa wake mbali na malaria, unaoletwa na shetani ajaye kama ndege. Tiba ilianzia nyumbani au kwa mganga, kwa majani, moshi na hata mkojo. Hospitali ilikuja baadaye. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika, lakini bado utakutana na mtu mzima anayeamini kwa moyo wote kuwa sindano na degedege havikutani. Mara nyingi amewahi kuona: mtoto alipelekwa akiwa amechelewa, akachomwa sindano, akafa. Aliyoyaona ni ya kweli. Kilichomwua mtoto yule ni malaria iliyoachwa siku mbili, lakini kwa macho ya bibi kilichotangulia kifo ni sindano.

Kwa hiyo usimwambie "huo ni ushirikina, bibi." Ukisema hivyo saa nane usiku umeanzisha ugomvi wa nusu saa, na nusu saa ndiyo usiyokuwa nayo. Mwambie: "Shikamoo bibi. Naogopa kama wewe unavyoogopa. Twende wote hospitali sasa hivi, dua utamsomea njiani, na hapa tutarudi tuzungumze." Mpe nafasi ndani ya bajaji kama ipo. Nimeandika "shikamoo" kwa makusudi. Mkwe anayemwamkia mama mkwe wake katikati ya taharuki anamwonyesha kuwa heshima yake haijaguswa, na mtu ambaye heshima yake haijaguswa ni rahisi kukubali. Asipokubali, usimpigie kelele. Bajaji ikifika, ondokeni.

Kisha kuna simu ya baba. Fikiria anasikia hivi: "Baba Fulani njoo haraka, mtoto anakufa!" kisha simu inakatika. Mtu huyo atapanda pikipiki gizani na kuingia Barabara ya Morogoro katikati ya malori, na kichwani mwake mtoto ameshakufa. Mwambie hali, mwambie mnakokwenda, mwambie unachotaka kwake: "Mtoto amepata degedege, limeisha, anapumua. Tunampeleka Tumbi. Muombe ruhusa msimamizi wako, tuma nauli, ukifika tupo mapokezi. Usikimbize pikipiki." Kama mtoto bado hajatulia, usimdanganye baba kuwa ametulia. Sema "bado linaendelea, tuko njiani."

Wenye mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga nyumbani waihifadhi namba 115 ya mpango wa m-mama kwenye simu zao. Haitozwi, na hutumika kutafuta usafiri wa dharura. Anayepokea atauliza mko wapi na mgonjwa ana dalili gani. Hapo pia anayezungumza awe yule aliyetulia.

Mkifika kituoni, zungumza na muuguzi kama unayempa ripoti. "Ana miaka miwili na miezi miwili. Homa tangu jana mchana. Degedege lilianza saa nane na dakika kumi, limekwenda kama dakika tatu. Alipewa parasetamo saa mbili usiku. Hana ugonjwa mwingine." Kama amepewa majani au amefukizwa, sema. Wengine huficha kwa kuogopa kusemwa, na daktari anabaki akitibu bila kujua mwilini mwa mtoto mna nini. Ni kweli wapo wahudumu wanaofoka. Mara nyingi ni watu wachache mbele ya foleni ndefu, ingawa hilo haliwi ruhusa ya kumfokea mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Ukifokewa, usijibu kwa kufoka, rudia hoja moja kwa sauti ileile: "Mtoto amepata degedege, hajaamka vizuri." Sentensi hiyo ndiyo inayomtoa mtoto kwenye foleni. Kabla ya kuondoka na dawa, mrudie daktari kwa maneno yako: "Kwa hiyo nampa hizi asubuhi na jioni, siku tatu, nikiona hili narudi, sivyo?" Kichwa cha mzazi aliyekesha hakishiki mambo matano.

Neno kuhusu mtoto mwenyewe akishazinduka. Watoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno. Ukimwambia "haitauma" halafu sindano ikauma, kesho hatakuamini. Mwambie "itauma kidogo, nimekushika." Na tuache ule mchezo wa nyumbani wa "ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Unamfundisha kumwogopa yule utakayemkimbizia usiku.

Mambo mengine hupangwa mchana, kukiwa na amani. Wapangaji mkae dakika kumi: namba za bajaji mbili zinazokesha ziandikwe ukutani, kadi za kliniki ziwe na mahali pake, ijulikane nani atabaki na watoto wengine, na kila mwenye mtoto aweke akiba kidogo ya nauli asiyoigusa. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu waliopata degedege la homa hulipata tena, kwa hiyo si maandalizi ya bure.

Usishangae ukiwa wewe uliyeongoza kwa utulivu, ukarudi nyumbani alfajiri na miguu ikakuishia nguvu, ukalia. Adrenalini imeshuka, mwili unadai usingizi, maji na chakula. Mwombe mtu akushikie zamu. Kama wiki kadhaa zimepita bado unashtuka usiku kila mtoto akikohoa, au huli, au humwachi mtoto hata kwa bibi yake, mweleze daktari siku ya marudio, kwani nawe unatibika. Na yule mtoto mkubwa aliyefungiwa chumba cha jirani akisikiliza kelele, mwite. Muulize alidhani nini kimetokea. Wengi hudhani ni kosa lao, kwa kuwa jana walimpiga mdogo wao au walimnyang'anya mpira.