Udhibiti wa Habari na Uongozi wa Watu Huru

Udhibiti wa habari ni nini? Ni mwenye madaraka kuwaamulia wananchi jambo la kusoma, kusikia au kusema. Wengi hudhani kwamba anayeumia ni mwandishi wa gazeti peke yake. Sisi tunasema: anayepofuka kwanza ni kiongozi, na anayelipa gharama ni mkulima.

Tuchukue mfano wa uwanda huu wa kati. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikikatika mapema, uwele na mtama hunyauka. Hapo taarifa ya kweli ni chakula. Wazee wa Kigogo waliipa jina la Mtunya njaa iliyofuatia Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya mabeberu, Wajerumani na kisha Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukame ukamalizia kazi hiyo. Mtawaliwa aliyejua kwamba ghala ni tupu hakuwa na mahali pa kusemea.

Baada ya Uhuru tulibaki na tabia hiyo. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kufunga gazeti, na ilidumu hadi 2016. Mwaka 2018 Bunge, likiwa hapa Dodoma, liliifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zenye nia ya kupinga zile za Serikali. Mwaka 2019 Bunge lile lile likaiondoa adhabu hiyo. Tujiulize: katika kipindi kile, mtafiti aliyehesabu kaya zenye njaa na kupata idadi tofauti angethubutu kusema?

Madhara ya hali hiyo ni mawili. Kwanza, mwananchi hujifunza kunyamaza, na uvumi huchukua nafasi ya habari. Pili, ofisa hujifunza kupeleka juu taarifa inayopendeza. China kati ya 1958 na 1961 viongozi wa chini walitangaza mavuno yasiyokuwapo. Serikali ikakusanya nafaka kwa hesabu hizo, na mamilioni wakafa. Mchumi Amartya Sen ameonyesha kwamba India, yenye magazeti huru na uchaguzi, haikupata njaa kubwa ya namna hiyo baada ya uhuru wake wa 1947.

Wapo watakaouliza: je, kila neno liachwe? La. Redio ya chuki nchini Rwanda mwaka 1994 ilichochea mauaji. Lakini uchochezi uhukumiwe mahakamani, kwa ushahidi ulio wazi. Usiwe kisingizio cha ofisa kuficha aibu yake.

TANU ilimtaka mwanachama aahidi kusema kweli daima. Mwongozo wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962. Haiwezekani kujisahihisha bila kuambiwa kosa.

Kazi ya kada basi ianzie chini. Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, na pingamizi ziandikwe katika muhtasari kama zilivyotamkwa. Kiongozi anayeogopa swali la mkulima ameanza kuongoza gizani.