Filimbi Haikuwa na Duka

Mtoto wa Bungu, huko Korogwe, Tanzania, hahitaji fundi wa filimbi. Hukata bua la jani la mpapai, akalichanja upande mmoja na kulipuliza, na kufikia jioni bua limesinyaa, limetupwa. Kaka yake anayechunga mbuzi hukata mwanzi na kuutoboa mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki: mpigaji ndiye mtengenezaji. Filimbi haikununuliwa. Iliombwa, ilirithiwa, au iliibwa na mdogo wako.

Kwa hiyo karakana ya filimbi yenye wateja wanaolipa ni jambo geni katika mila hii. Hawakuileta wachungaji. Walioileta ni vikundi vya ngoma, walimu wa muziki na watalii, na kila mmoja wao anataka filimbi ya namna yake.

Tarafa ya Bungu iko juu, upande wa milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, nchi ya Wasambaa, yenye mvua na mashamba ya chai kama Dindira na Ambangulu. Ukishuka na kuvuka mto Pangani unaelekea Handeni kwa Wazigua, nchi ya joto na miti ya ukavuni. Kwa fundi wa filimbi hiyo ndiyo malighafi: juu kuna mwanzi, chini kuna mpingo.

Mwanzi mchanga haufai. Unatakiwa uliokomaa, unaotoa mlio mkavu ukigongwa, nao huanikwa kivulini kwa sababu jua kali huupasua. Kifundo kimoja huachwa kizibe mwisho wa bomba. Vingine hutobolewa kwa chuma cha moto, moshi ukitoka upande wa pili. Tundu la kupulizia hutangulia. Fundi hupuliza, husikiliza, kisha hupunguza urefu kidogo kidogo, maana filimbi ikifupishwa sauti hupanda, na kilichokatwa hakirudi. Matundu ya vidole hupimwa kwa vidole vyenyewe. Ndiyo maana filimbi mbili za mkono mmoja zinaweza zisipatane kabisa. Mchungaji apigaye peke yake hilo halimsumbui. Mwalimu anayetaka filimbi kumi za darasa zima ndiye anayemlazimisha fundi kuweka mwanzi wa kipimo na kuufuata, na kwa maoni yangu huyo amebadilisha ufundi huu kuliko mtalii.

Kiongozi wa ngoma shida yake ni nyingine. Anataka kuamuru: wachezaji wageuke, wapigaji wakaze, wote wakome. Sauti ya mwanzi haiwezi kupenya ngoma nne zinazolia kwa pamoja. Jibu lilitoka mbali: mwaka 1884 Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, alitoa filimbi ya chuma yenye kipira kidogo kinachozunguka ndani, na ukoo wa filimbi ile ndio leo unaopulizwa na mwamuzi wa mpira, askari wa barabarani na kiongozi wa ngoma. Wako wanaosikitika kuiona shingoni mwa mcheza ngoma. Mimi sioni kosa. Ngoma imeiajiri kwa kazi ambayo mwanzi haukuiweza.

Mwanzi umebaki na kazi ya wimbo. Wadigo, kuanzia Tanga hadi Kwale, wana chivoti, filimbi ya kupulizwa ubavuni yenye matundu sita. Kwa Wagogo, mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka filimbi kwenye majukwaa ya dunia pamoja na ala za ilimba na zeze. Mteja anayepiga nyimbo za namna hiyo hapokei filimbi kabla ya kuipuliza, tena mchana. Kupiga mbinja usiku wazee wengi wanakataza, kwamba huita nyoka au majini, na wako wanaoiunganisha filimbi na katazo hilo.

Mtalii yeye hutazama kwanza. Akipata mapambo ya kuchoma na kamba ya shanga, ameridhika, hata kama tundu la tatu limekaa vibaya. Fundi akizoea wateja hao peke yao, sikio lake hulala.

Na mpingo? Huo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Mpingo wa Tanzania hutengenezewa klarineti na oboe Ulaya, zikiwemo za Buffet Crampon huko Mantes-la-Ville, Ufaransa. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kule Kilwa misitu ya vijiji ilipata cheti cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Kwa fundi mdogo, mti huu unaoota jirani uko mbali: unadai mashine ya kukereza, keekee ya chuma kigumu na kibali cha maliasili. Mwanzi unadai kisu, moto na subira ya kusubiri ukauke. Kwa hiyo filimbi inayouzwa huku ni ya mwanzi, na mpingo unapita barabarani ukiwa magogo.