Giheke: Mazungumzo ya bure yasiishie kwenye makofi

WAHENGA walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa Rwanda tunayo methali nyingine inayovuta upande wa pili: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wagonjwa wengi wa akili vijijini wanaifuata hiyo ya pili.

Hapa sekta ya Giheke, wilayani Rusizi, kama kwingineko nchini, nafasi ya kuzungumza bure ipo. Baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi huketi pamoja, na jioni ya familia, umugoroba w'imiryango, huwakutanisha majirani. Anayezungumzia malaria au mituweli anaweza pia kueleza kwamba kukosa usingizi kwa wiki nyingi, kujitenga au kushtuka ovyo kunaweza kuwa dalili za ugonjwa, si kurogwa wala uvivu.

Mimi nilisoma uhamishoni Tanzania, na shuleni kwetu mgonjwa wa namna hii aliitwa kichaa, basi. Niliporejea nilikuta Kinyarwanda nacho kina umusazi, lakini pia kina ihahamuka, neno la majeraha ya moyo yaliyoachwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Aliyeitwa kichaa huchekwa na kufichwa. Aliyeeleweka kuwa amehahamuka hushikwa mkono na kupelekwa kituo cha afya.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 20.5 ya wananchi walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji hayo ilikuwa asilimia 52.2. Aidha, asilimia 61.7 ya wananchi walijua mahali pa kupata msaada, lakini waliowahi kuutumia walikuwa asilimia 5.3 tu.

Maana yake ni kwamba elimu peke yake haitoshi. Kinachowazuia watu wengi ni haya, na hofu ya macho ya jirani. Mahali ambapo manusura na aliyetoka gerezani wanachota maji bomba moja, nani ataanza kusema mbele ya watu mia mbili?

Jibu moja lilianza Byumba, kaskazini mwa nchi, mwaka 2005, chini ya Kanisa la Anglikana. Ni tiba ya kijamii iitwayo Mvura Nkuvure, yaani nitibu nikutibu. Watu 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, wakiongozwa na wenzao waliofunzwa. Hawaanzi na kumbukumbu chungu. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana.

Kwa hiyo, kila mazungumzo ya hadhara yamalizike kwa jambo la kufanya: mshauri wa afya wa kijiji atajwe kwa jina, siku ya kuonana na muuguzi itangazwe, na kikundi kidogo kipangiwe kukutana wiki inayofuata. Asiyeweza kutoka nyumbani apige namba 114, haina malipo. Nanyi kina baba, msiwaachie kina mama peke yao viti vya mbele.