Mbiu ya Mgambo Mwilini: Intaferoni na Funzo la Kemron

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii inaafiki kazi ya intaferoni, yaani protini ambazo mwili hujitengenezea unapovamiwa na virusi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi protini hizo zinavyoathiri kinga ya mwili, na sababu ya tumaini lililowekwa kwazo nchini Kenya mwaka 1990 kutotimia.

Mfano ulio wazi ni wa mchuma chai wa Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya huko Embu, aliyeshikwa na mafua makali msimu wa baridi. Virusi huingia katika seli za koo na mapafu na kuzigeuza viwanda vya kuzalisha virusi vingine. Seli iliyovamiwa, hata ikiwa yenyewe itakufa, hutoa intaferoni zinazozifikia seli jirani. Jirani hizo hutengeneza protini za kukatakata chembe za urithi za virusi na kuzuia visizaane. Aidha, intaferoni huzichochea chembe nyeupe za damu kuziangamiza seli zilizoambukizwa. Homa, uchovu na maumivu ya mwili anayoyasikia mchuma chai huyo hutokana kwa kiasi kikubwa na mbiu hiyo.

Intaferoni ziligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Baadaye zilitumika kwa sindano kutibu homa ya ini aina ya B na C. Mwaka 1990, KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya Kenya, chini ya Dkt. Davy Koech, ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyokuwa na intaferoni alfa kidogo sana, ya kuyeyushwa mdomoni. Wakati huo wagonjwa hawakuwa na kimbilio, na habari hizo zilipokelewa kwa shangwe. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1998, uliwalinganisha waliopewa intaferoni hiyo na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hapakuonekana manufaa yoyote.

Sababu zinaeleweka zaidi leo. Virusi vya UKIMWI hushambulia askari wenyewe wa kinga, kisha hujificha ndani ya chembe zao za urithi, mahali ambapo mbiu haiwezi kuving'oa. Isitoshe, mbiu inayolia usiku na mchana huwachosha walinzi. Intaferoni zisipotulia, kinga huzidi kudhoofika.

Kwa hivyo, kuita si kushinda vita. Waliookoa maisha ya wengi ni dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo huzuia virusi kuzaana. Mgonjwa anayeletewa habari za tiba mpya ana haki ya kuuliza: imelinganishwa na nini, na kwa wagonjwa wangapi? Swali hilo halivunji tumaini, hulilinda.