Nguvu ya injini haiji kwa roka peke yake

Ndugu msikilizaji, Jumamosi moja nilipita kwenye gereji huko Unga Limited, hapa Arusha, nikakuta injini ya Toyota Corolla ya zamani, ile ya 4K, imefunguliwa na vipande vyake vimepangwa juu ya gunia. Vijiti vitatu vya chuma vilikuwa vimepinda kama mundu. Juu ya pistoni moja palikuwa na alama ya mwezi mwandamo, mahali ambapo valvu iliigonga. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama pembeni mikono kichwani. Alikuwa amefunga roka nyingine ili gari lake likimbie zaidi katika mashindano. Lakini gari hilohilo, siku za kazi, ndilo lililokuwa likibeba ndizi za mama yake kutoka soko la Tengeru.

"Kaka," akaniambia, "waliniambia ni roka tu. Kazi ya asubuhi moja."

Leo basi, msikilizaji, nataka tuizungumze hiyo "roka tu". Vijana wengi wa mji huu wanapenda mchezo wa magari, na si vibaya kuupenda. Kibaya ni kutia fedha mahali usipopaelewa.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Katika injini kama ya Corolla ile, kemshafti imekaa chini, ubavuni mwa bloku, na valvu ziko juu kwenye hedi. Kemshafti ina vinundu vyenye umbo la yai. Kila kinundu kinapopanda husukuma tapeti, tapeti husukuma kijiti cha chuma ambacho mafundi hukiita pushirodi, na pushirodi husukuma ncha moja ya roka. Roka ni mkono mfupi unaobembea juu ya shafti yake, kama ule ubao wa watoto, mmoja akipanda mwenzake anashuka. Ncha ya pili hushuka na kuifungua valvu, na springi ndiyo inayoirudisha valvu mahali pake.

Sasa siri ya roka iko hapa. Mikono yake miwili haina urefu sawa; ule wa upande wa valvu ni mrefu zaidi. Tuseme kinundu kinainua milimita 6.5, na roka inazidisha mwendo huo mara 1.5. Valvu itafunguka milimita 9.75. Ukifunga roka inayozidisha mara 1.6, kinundu kilekile kitaifungua valvu milimita 10.4. Hukugusa kemshafti, lakini mlango umefunguka zaidi, na hewa nyingi zaidi inaweza kuingia. Ndiyo maana roka inavutia: inaonekana ni njia ya mkato.

Na sisi wa Arusha tuna sababu yetu ya ziada ya kuitamani. Mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo, ikitoka Dar es Salaam kuja huku, hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Dereva anayepanda kuelekea Oldonyo Sambu anaisikia tofauti hiyo mguuni.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: valvu ikifunguka zaidi, ni nani mwingine anayelipa?

Wa kwanza ni springi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Springi iliyochoka haiwezi kuirudisha valvu kwa kasi hiyo. Valvu hubaki ikielea wakati pistoni inapanda. Tena springi ya kiwanda ilipimwa kwa mwendo wa kiwanda. Ukiibana zaidi, mizunguko yake inaweza kugusana ikawa kama bomba la chuma. Hapo kemshafti bado inasukuma, springi imekataa, na kilicho dhaifu katikati kinapinda. Ndugu msikilizaji, zile pushirodi tatu juu ya gunia zilipinda kwa sababu hiyo.

Wa pili ni pistoni. Nafasi kati yake na valvu ni ndogo, na valvu inayoshuka zaidi inaisogelea zaidi. Fundi makini hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, hufunga hedi, huzungusha injini kwa mkono, kisha hufungua na kupima unene uliobaki. Desturi ya wajenzi wa injini za mashindano ni kuacha walau milimita 2 upande wa valvu ya kuingiza na milimita 2.5 upande wa valvu ya kutoa moshi. Kwa springi, iliyobanwa kabisa, huacha kama milimita 1.5 kabla mizunguko haijagusana. Gereji ile hawakupima hata kimoja.

Wa tatu ni kemshafti yenyewe. Wako wanaosema, basi nitatia springi ngumu kuliko zote. Springi ngumu kupita haja huongeza msuguano na kukwangua vinundu na tapeti mpaka kemshafti inakuwa fimbo. Springi inayofaa ni ile iliyolinganishwa na kemshafti na roka zako.

Na wa nne ni oili. Roka ziko juu kabisa, na injini ikiwashwa asubuhi oili hufika huko mwisho. Vumbi letu la kandokando ya Meru, udongo wa majivu ya volkano, ni jepesi na hupenya kila mahali. Likipita kwenye chujio lililochoka, linageuza oili kuwa msasa.

Kwa hiyo roka si kipande kimoja, ni mnyororo. Ukikaza pete moja, mvuto unahamia pete inayofuata. Na hata mnyororo wote ukikaa sawa, kama kabureta na njia za hewa kwenye hedi ni nyembamba kama zamani, faida utakayopata ni ndogo.

Historia ya kwetu inatufundisha jambo hilohilo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 yalishindwa na mkazi wa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Injini ya gari hilo ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618 tu, kemshafti chini, pushirodi na roka, kama Corolla ya kijana wetu. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari 7 tu yalifika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye pia akiendesha Peugeot 404. Yalikuwapo magari yenye injini kubwa kuliko hiyo. Lakini gari lililosimama porini halina kasi.

Basi kijana anayetaka kuongeza nguvu afanye nini?

Kwanza, ajue injini yake ni ya aina gani. Magari mengi ya mjini leo, kama Toyota IST yenye injini ya 1NZ, hayana roka kabisa. Kemshafti iko juu na inasukuma valvu kupitia vikombe. Anayekuuzia roka za gari hilo anakuuzia hewa.

Pili, arudishe kwanza nguvu iliyopotea. Apime mgandamizo wa kila silinda. Aseti tapeti kwa vipimo vya kitabu cha injini ile, na akumbuke kwamba tapeti inayolia kidogo ni nafuu kuliko iliyobanwa mno, maana valvu isiyofunga vizuri huungua. Kabureta iliyosetiwa pwani humwaga petroli nyingi mno kwa hewa yetu, irekebishwe. Kazi hizi hazina sifa vijiweni, lakini mara nyingi mwenye gari hugundua kuwa nguvu aliyokuwa akiitafuta dukani ilikuwa imelala ndani ya injini yake.

Tatu, kama bado anataka roka, anunue seti nzima inayolingana: roka, springi, na pushirodi zilizonyooka zenye urefu sahihi. Asikubali roka zilizong'olewa kwenye injini nyingine na kusagwa ili zikae. Na baada ya kufunga, kabla ya kugusa ufunguo, kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Pakigoma popote, asilazimishe. Dakika hizo chache zingeokoa injini ya Tengeru.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana yule sasa anajenga ukuta: pushirodi, pistoni, valvu, gasketi, na ufundi juu yake. Roka za kiwanda zinarudi mahali pake. Wakati huohuo mama yake anakodi pikapu kila siku ya soko, na nauli hiyo inatoka kwenye ndizi zilezile.

Nilipoondoka nilimwuliza kama ataacha mashindano. Akatikisa kichwa. "Siachi, kaka. Ila safari ijayo nitapima kwanza."

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia safari njema.