Figo ya ndugu au mashine: hesabu ya mtu wa delta

Mgonjwa wa Mbwera au Salale, huko deltani, ambaye figo zake zimeshindwa kabisa ana njia mbili: mashine ya kusafisha damu, au kupandikizwa figo ya ndugu.

Mashine huonekana nafuu kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Kadiria shilingi 200,000 kwa kipindi. Mara 3 kwa wiki, mwaka mzima ni vipindi 156, yaani milioni 31.2. Nauli bado. Boti ya Nyamisati husubiri maji yajae, hailijui daftari la hospitali. Kisha kuna gari la Kibiti, kisha basi la Mbagala. Hakuna awezaye safari hiyo mara 3 kwa wiki, kwa hiyo mgonjwa huhamia Dar es Salaam na ndugu wa kumwangalia. Bima ikilipia mashine, kodi ya chumba ni juu yenu.

Njia ya pili ni kupandikizwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, ikisaidiwa na madaktari wa hospitali ya BLK ya India. Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Wakati ule ilitajwa milioni 80 hadi 100 kwa anayepelekwa India, na karibu milioni 20 kwa anayetibiwa hapa nchini. Bei ya leo iulizeni hospitalini, na ulizeni kama vipimo vya mchangiaji vimo ndani yake. India kuna pia kamati, chini ya sheria ya 1994, ya kuhakikisha figo ya mgeni haikununuliwa. Mimi nisingepanda ndege ila madaktari wa hapa waseme wameshindwa.

Gharama inayosahaulika ni ya mchangiaji. Kwa wiki 6 hivi habebi mzigo mzito: hapigi kasia, havuni mpunga, havuti nyavu za kamba. Upasuaji ukiangukia msimu, nyumba yake italala njaa. Kikao cha ukoo kiamue mapema nani atamvunia. Kumvunia si kununua figo yake. Na aulizwe faraghani na daktari, wajomba wakiwa nje, kama kweli ameridhia. Baadaye apimwe presha na mkojo kila mwaka.

Aliyepandikizwa naye haachani na matumizi. Miezi ya mwanzo kliniki ni za karibu karibu, hivyo chumba cha Dar bado kinahitajika. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo humezwa kila siku, maisha yote. Bima iulizwe kabla ya upasuaji inalipia zipi, na akirudi deltani awe na akiba ya kutosha, boti ikikwama asikose dozi.